Mfululizo wa Riwaya za Anga Umepoteza Kasi: Niendelee Kuusoma au Niuache?

Swali

Mwalimu, naomba msaada wako katika jambo linalonisumbua. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia mfululizo mmoja wa riwaya za vita vya anga ambao sasa umefika juzuu ya 11. Juzuu nne za kwanza nilizisoma kwa pupa, nikikesha. Tangu juzuu ya 7 mambo yamebadilika. Nahodha niliyempenda amekuwa admirali na anashinda vikaoni. Vita moja inasimuliwa mara tatu na watu watatu. Kila adui anaposhindwa anazuka mwingine mkubwa zaidi nyuma yake. Na juzuu ya mwisho, yenye kurasa zaidi ya 700, iliisha bila jambo lolote kuamuliwa. Nimeirudia juzuu ya kwanza ili nione kama ni mimi niliyebadilika, nikakuta bado inanishika vilevile. Sasa juzuu ya 12 imetangazwa. Tatizo ni nini hasa, na je, niendelee au niache?

Jibu

Nashukuru kwa kunieleza kwamba umeirudia juzuu ya kwanza, kwa sababu jambo hilo limeondoa shaka ambayo kwa kawaida ingenichukua muda kuiondoa. Msomaji aliyechoshwa na aina fulani ya riwaya huchoka nayo hata anapofungua kitabu alichokipenda zamani. Wewe bado unaipenda meli, bado unawapenda watu walio ndani yake, na bado una hamu ya kujua yatakayowapata. Kinachokuuma ni kwamba hakuna linalowapata. Uchungu huo ni wa haki, nami nauchukulia kwa uzito, kwani mtu asiyeipenda hadithi haumii inapozorota. Huiweka kando na kuisahau.

Hukunitajia jina la mfululizo wenyewe, wala sihitaji kulijua, maana dalili ulizozitaja hujitokeza katika mifululizo mingi ya anga, na aghalabu huja pamoja. Nitakueleza ninavyozielewa, kisha nitakupa maoni yangu kuhusu juzuu ya 12.

Kwanza tuuondoe urefu kwenye orodha ya washtakiwa. Ujerumani kuna mfululizo wa anga uitwao Perry Rhodan, ulioanza kutoka tarehe 8 Septemba 1961 kama kijitabu cha kila wiki, na ambao Februari 2019 ulifikisha toleo la 3000. Umedumu kwa sababu waandishi wake, ambao ni kikundi kinachobadilika kizazi hadi kizazi, hupanga kazi yao kwa mizunguko ambayo mara nyingi huwa ya matoleo 50 au 100, na kila mzunguko una fumbo lake, adui wake na tamati yake. Anayeanza kusoma mzunguko mpya anajua kwamba ameahidiwa jibu, na anajua kwa kukadiria atalipata lini. Kama urefu peke yake ungekuwa unaua hadithi, mfululizo ule ungekufa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hadithi hupoteza kasi pale swali lililoizaa linapokwisha kujibiwa, au linapowekwa kando, bila swali jipya lenye uzito ule ule kuchukua nafasi yake. Kwa swali simaanishi fumbo la njama kama vile nani aliwaajiri maharamia au ile mashine ya kale ilitoka wapi. Namaanisha jambo moja ambalo mhusika analihitaji, ambalo hana hakika ya kulipata, na ambalo kulitafuta kunamgharimu kitu asichoweza kukirudisha. Swali la namna hiyo likiwapo, hata mazungumzo ya watu wawili mezani huwa na taharuki. Lisipokuwapo, mwandishi anaweza kulipua galaksi nzima, nawe ukawa unaangalia zimebaki kurasa ngapi.

Mtazame basi nahodha wako alivyokuwa mwanzoni. Kwa jinsi ulivyozisoma zile juzuu nne, sina shaka alikuwa na meli moja, mabaharia wanaohesabika, na uhaba wa karibu kila kitu: hewa, mafuta, makombora, muda. Riwaya za anga huipata taharuki yao katika uhaba huo. Nahodha anapoamuru mlango wa chumba cha injini ufungwe ili moto usisambae, anajua ni nani waliobaki upande wa pili, nasi pia tunajua, kwa sababu mmoja wao ni yule fundi aliyekuwa akiandika barua nyumbani sura mbili zilizopita, na mwingine ni kijana ambaye bado hajazoea kutembea pasipo na uzito. Amri yenyewe ni maneno mawili, lakini kila mtu aliye katika chumba cha usukani anageuza uso anapoyasikia. Sasa mlete admirali. Yeye anaamuru vikosi vitatu vigeuke kuelekea upande wa jua, amri kubwa mara elfu kuliko ile ya mlango, na msomaji anaona nukta zikisogea kwenye ramani. Wanaokufa ni maelfu, na hatumjui hata mmoja.

Hili ni tatizo la asili katika riwaya zinazofuata maisha ya mwanajeshi. Mwandishi anataka kumtuza shujaa wake, na jeshini tuzo ni cheo. Lakini kila cheo kinamweka mbali zaidi na mahali ambapo uamuzi unauma. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa Honor Harrington wa David Weber, ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990 na mwanamke anayepewa meli ndogo ya kivita na kupelekwa kwenye kituo kisichotakiwa na mtu, kisha akapanda hadi kuongoza makundi makubwa ya manowari. Weber mwenyewe ameeleza kwamba alikusudia shujaa wake afe vitani katika juzuu iliyotoka mwaka 2005, kisha hadithi iruke miaka mingi na kuanza upya na kizazi cha watoto wake. Riwaya ya pembeni aliyoiandika pamoja na Eric Flint ikaleta mapema matukio ambayo yangesubiri kizazi hicho, ratiba ikabanwa, na Honor akabaki hai. Wasomaji wengi walifurahi, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo, kwa jinsi ninavyolisoma, jengo lote lilikuwa limewekewa msingi wa kifo kile, ambacho kingerudisha uzito wa hadithi kwa vijana wenye meli ndogo na maamuzi ya karibu. Kifo kilipoondolewa, uzito ulibaki huko juu kwenye makao makuu, na huko juu kazi kubwa ni vikao. Nahisi mfululizo wako umefika mahali kama hapo, hata kama kilichoufikisha ni kingine.

Nije kwenye lile la vita kusimuliwa mara tatu, na hapa naomba univumilie nikae kidogo, kwa sababu pana sababu ya kiufundi ambayo wasomaji wengi huihisi bila kuitambua. Katika malimwengu mengi ya namna hii hakuna mawasiliano ya haraka kati ya nyota na nyota. Habari husafirishwa na meli za matarishi, kwa siku au kwa wiki, kama zilivyosafirishwa baharini enzi za matanga. Katika juzuu za mwanzo kanuni hiyo ni neema kubwa kwa mwandishi: nahodha yuko mbali, hawezi kuomba ruhusa, lazima aamue mwenyewe, na akikosea hakuna wa kumwokoa. Lakini ulimwengu ukishapanuka, ukawa na miji mikuu mitano na majeshi manne, kila tukio linapaswa kupokelewa kila mahali. Kanuni iliyokuwa neema inageuka mzigo.

Fuata pamoja nami sayari moja inavyoanguka katika juzuu ya namna hiyo. Katika sura ya 9 tunaiona ikianguka: mitambo ya ulinzi inazimwa mmoja mmoja, gavana anakataa kuondoka, na sura ni nzuri. Katika sura ya 12 msaidizi anaingia ofisini kwa admirali akiwa amekunja uso, anaweka kibao cha taarifa mezani, admirali anasoma, anafumba macho, anaitisha kikao. Katika sura ya 15 waziri mkuu wa nchi jirani anaamshwa usiku, anauliza kama habari hizo ni za hakika, anaambiwa ni za hakika, anaitisha kikao. Katika sura ya 18 adui mwenyewe anapokea taarifa kwamba shambulio limefanikiwa, anatabasamu, naye anaitisha kikao. Sura tatu zimepita, na msomaji hajaongezewa chochote ambacho hakukijua katika sura ya 9. Amewatazama watu watatu wakifahamishwa jambo.

Msomaji kujua jambo ambalo mhusika halijui ni mbinu ya zamani na yenye nguvu sana, lakini ina sharti. Kutokujua kwa mhusika kunapaswa kumfanya atende jambo litakalomdhuru. Kama waziri mkuu yule angekuwa, usiku uleule, anajiandaa kutia saini mkataba na watu walioiangamiza sayari, na tarishi yuko safarini bado saa mbili, basi ujuzi wetu ungetuchoma, na sura ya 15 ingesomwa bila kupumua. Akiwa amelala tu akisubiri kuamshwa, tunasubiri naye kitu ambacho tayari tunacho mkononi. Ukiirudia juzuu yako ya 11, jiulize katika kila sura ya namna hiyo: kutokujua kwake kunamfanya atende nini? Kama jibu ni kwamba hakumfanyi atende chochote, umeigusa sehemu iliyokufa, na unaweza kuiruka bila kupoteza kitu.

Pana pia hesabu nyepesi ambayo napenda kuwaonyesha waandishi ninaohariri kazi zao. Tuseme juzuu ya kwanza ilitumia kurasa 200 kumbadilisha mhusika mmoja, kutoka mwoga hadi mtu wa kutegemewa. Tuseme sasa juzuu ina kurasa 600 na wahusika 20 ambao kila mmoja anasimuliwa kwa zamu. Kila mmoja anapata kurasa 30. Ili yeyote kati yao abadilike kwa kiwango kile cha juzuu ya kwanza, zinahitajika karibu juzuu saba, na hapo sijatoa kurasa za kukumbusha yaliyopita, ambazo katika juzuu ya 11 si chache. Kwa hiyo unaposema kwamba kitabu kiliisha bila jambo lolote kuamuliwa, hilo halimaanishi kwamba mwandishi alikuwa mvivu. Inawezekana kabisa alifanya kazi kubwa kuliko alivyofanya mwanzoni, na kila sura ikasogezwa mbele kidogo. Ila msomaji hawezi kuhisi mwendo uliogawanywa vipande 20.

Kuhusu adui mpya mkubwa zaidi nyuma ya yule aliyeshindwa, nitasema machache, kwa sababu maradhi haya ni ya kale kama riwaya hizi zenyewe na umeyaona bila kuonyeshwa. E. E. Smith, ambaye masimulizi yake ya Lensman yalianza kutoka katika jarida la Astounding mwaka 1937, aliipeleka njia hiyo hadi mwisho: kutoka manowari, hadi makundi ya manowari, hadi sayari nzima zinazorushwa kama silaha. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini baada ya sayari unarusha nini? Ukubwa una mwisho, na mbaya zaidi ni kwamba kila adui mpya anashusha thamani ya ushindi uliopita. Ukiambiwa kwamba yule uliyemwogopa kwa juzuu tano alikuwa kibaraka tu, waliokufa wakimpinga wanakuwa wamekufa kwa jambo dogo kuliko ulivyoaminishwa. Nalichukulia hilo kuwa kosa zito kuliko vikao, kwa sababu linaharibu hata vitabu ulivyokwisha kuvisoma.

Je, kwa nini waandishi wenye uwezo huingia humo? Sehemu ya jibu ni soko, nalo halihitaji maelezo marefu: mchapishaji ana hakika ya mauzo ya juzuu ya 12 kuliko ya kitabu kipya, na wasomaji wenyewe tunaomba zaidi. Sehemu nyingine ni ngumu zaidi, nayo ni kwamba mwandishi huenda hajui hadithi yake inakwenda wapi, hata kama ni mwandishi mkubwa. Isaac Asimov aliandika hadithi nane za Foundation katika jarida hilohilo la Astounding kati ya 1942 na 1950, zikaja kukusanywa katika vitabu vitatu, kisha akaziacha kwa takriban miaka 30. Mpango ulioelezwa humo ni wa miaka 1000: himaya itaanguka, na baada ya milenia moja itasimama nyingine. Aliporejea kwa kushawishiwa na mchapishaji na wasomaji, kitabu cha 1982 kikashinda tuzo ya Hugo, inayoheshimiwa sana katika hadithi za kisayansi, na kingine kikafuata mwaka 1986. Hapo kalenda ya hadithi imefika takriban nusu ya ile milenia. Kitabu kilichofuata, mwaka 1988, hakikwenda mbele hata hatua moja. Kilirudi nyuma, kabla ya mwanzo wa yote, na cha mwisho, kilichotoka 1993 baada ya kifo chake, kikabaki hukohuko nyuma. Miaka 500 iliyosalia hakuiandika. Mfululizo unapoanza kusimulia utoto wa watu wake na asili ya taasisi zake, ni vyema msomaji ajiulize kama mwandishi bado anaiona njia iliyo mbele.

Hata hivyo, mfululizo huohuo una somo la pili, na ndilo linalonifanya nisikate tamaa haraka juu ya mfululizo wako. Zile hadithi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kuzaliwa: mpango ulikuwa hauwezi kushindwa. Kila janga lilipokuja, msomaji alijua kwamba limekwisha kutabiriwa na kwamba suluhisho lipo. Hadithi kama hizo hupendeza kwa ustadi wake, lakini taharuki yake hupungua kila zinapoongezeka. Mhariri wa jarida, John W. Campbell, aliliona hilo, akamtaka Asimov auvunje mpango. Asimov hakupenda wazo lile, lakini alilitekeleza, na matokeo yake ni hadithi ya mwaka 1945 ambamo anatokea mtu mmoja asiyetabirika, mwenye uwezo ambao hesabu hazikuuzingatia, na ghafla hakuna aliye salama. Kwa maoni yangu hakuna kitu bora zaidi katika mfululizo ule. Asimov hakumleta adui mwenye meli nyingi zaidi. Alivunja sheria ambayo ulimwengu wake wote uliitegemea, na kwa kufanya hivyo akazaa swali jipya.

Mfano mwingine naupenda zaidi, kwa kuwa unahusu mhusika mmoja, kama wako. Lois McMaster Bujold alianza mfululizo wake wa Vorkosigan mwaka 1986, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa na shujaa aliyefanikiwa sana, Miles, mwenye maisha mawili: ofisa wa kawaida nyumbani, na admirali wa jeshi la mamluki huko nje. Mwandishi mwingine angeendelea kumpa vita vikubwa zaidi. Bujold, katika Memory ya mwaka 1996, alimfanya Miles aghushi taarifa rasmi ili kuficha maradhi yake, agundulike, na afukuzwe jeshini. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inatokea katika mji mmoja, bila vita vya meli, huku mtu akijifunza kuishi bila cheo alichokitegemea ili ajione ni mtu. Kina kasi kuliko vitabu vingi vyenye mapigano kila sura. Baada ya hapo mfululizo ukageuka, ukawa wa uchunguzi, na hata wa mapenzi na vichekesho, na mwaka 2017 ulipewa Hugo ya mfululizo bora.

Nimekusimulia hayo kwa sababu yanajibu kosa ambalo wasomaji waliochoshwa hulifanya mara nyingi, la kudhani kwamba dawa ni mapigano zaidi. Sura tulivu si lazima iwe sura iliyokufa. Katika Memory utulivu wenyewe ndio maumivu; mhusika anapoteza kitu ambacho hawezi kukirudisha, nasi tunamtazama akijaribu kila njia ya kutolikubali hilo. Katika juzuu yako ya 11, kwa maelezo yako, watu wameketi vikaoni na hakuna aliyepoteza kitu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mfululizo unaopumzika na mfululizo uliokwama, na ningependa uishike unapoamua la kufanya.

Baadhi ya waandishi huiepuka hali hiyo kwa kuruka wakati. James S. A. Corey, jina linalotumiwa na waandishi wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, waliandika The Expanse katika riwaya tisa kati ya 2011 na 2021, na kati ya juzuu ya 6 na ya 7 waliruka karibu miaka 30. Unawakuta watu walewale wamezeeka, magoti yanawauma, na dunia waliyoijenga inatishiwa na kitu ambacho hawakukiandalia. Mruko kama huo humwondolea mwandishi mzigo wa kusimulia kila taarifa na kila kikao, na humlazimisha kuanza na swali jipya. Frank Herbert alifanya hivyo kwa ukali zaidi, akaruka takriban miaka 3500 kati ya juzuu ya tatu na ya nne ya Dune. Iain M. Banks naye alilikwepa tatizo tangu mwanzo, kwani katika riwaya zake za Culture, zilizotoka kati ya 1987 na 2012, karibu kila kitabu kina watu wake na mwisho wake, na kinachobaki ni jamii ile ile na masuala yake. Kwa mwandishi mwenye nidhamu hiyo ndiyo njia salama kuliko zote, lakini naelewa kwamba isingekufaa wewe, ambaye unampenda nahodha mmoja.

Sasa juzuu ya 12. Nisingekushauri uinunue siku inapotoka. Kwanza chukua juzuu ya 11, usome tena kurasa 50 za mwisho tu, na utafute jambo moja: je, kuna mhusika aliyefanya uamuzi ambao hauwezi kutenguliwa? Si tangazo la vita, maana vita vimekwisha kutangazwa mara nyingi mno. Tafuta mtu aliyemsaliti rafiki, aliyejiuzulu, aliyekiri jambo, aliyeoa au kuolewa kinyume na matakwa ya wakubwa, aliyemwacha mtu afe. Ukilipata, juzuu ya 12 ina kitu cha kusukuma, na uchovu wa juzuu ya 11 huenda ulikuwa gharama ya kulifikia hilo. Usipolipata, basi mwandishi amefunga kitabu bila deni lolote kwako, na kitabu kijacho kitaanza pale pale.

Kisha, juzuu ya 12 itakapokuwa imetoka, tafuta sura za mwanzo zinazotolewa kwa ajili ya kuonjwa, na utazame nahodha wako anaonekana wapi kwa mara ya kwanza. Kama yuko ofisini akipokea taarifa ya jambo ulilolisoma katika juzuu iliyopita, umeshapata jibu. Kama amerudi mahali ambapo amri yake inawagusa watu wenye majina, au amevuliwa cheo, au amepewa kazi asiyoiweza, mpe mwandishi nafasi. Nakuomba usitegemee idadi ya nyota ambazo wasomaji wengine wamekipa kitabu, kwa sababu wanaosalia hadi juzuu ya 12 ni wale walioipenda ya 11; wenye uchungu kama wako wengi wao walikwisha kuondoka, na maoni yao hayamo tena katika hesabu ile.

Ukiamua kuendelea, soma kwa kuchagua. Fuata uzi wa wahusika wawili au watatu unaowajali, na usome sura zao kwa mpangilio, ukiziruka zile za kupokea habari. Najua wako wanaoona kwamba kusoma hivyo ni kumkosea mwandishi heshima. Mimi sioni hivyo. Katika riwaya yenye wasimulizi 20 mwandishi mwenyewe ameshakubali kwamba nyuzi zake zinaweza kusimama peke yake, na ukikosa jambo muhimu utaligundua mara moja, kwa sababu jambo muhimu huacha alama katika sura zote zinazofuata.

Ukiamua kuacha, usiache katika juzuu ya 11. Rudi nyuma hadi juzuu ya mwisho iliyofunga swali lililoifungua. Kwa maelezo yako nadhani itakuwa ya 4, au pengine ya 6, kwa kuwa mambo yalibadilika katika ya 7. Isome tena juzuu hiyo, safari hii ukijua kwamba ndiyo tamati, na uone kama inasimama. Mara nyingi husimama vizuri, kwa sababu mwandishi alipoiandika hakuwa na hakika kwamba ataruhusiwa kuendelea, hivyo aliwafikisha watu wake mahali pa kupumzikia. Juzuu zilizofuata hazina uwezo wa kukunyang'anya tamati hiyo, na hakuna sheria ya kusoma inayokulazimisha kuzihesabu.

Na kama baada ya hapo utabaki na kiu ya meli moja, watu wachache na hewa isiyotosha, chukua mfululizo ambao umekwisha kuandikwa wote. The Expanse inafaa, na juzuu zake tisa zinafika mahali zilipokusudia kufika. Kama unachokikosa zaidi ni kukaa karibu na mtu mmoja kuliko kutazama makundi ya manowari, anza na Vorkosigan, wala usiruke moja kwa moja hadi Memory, kwa sababu kuanguka kwa Miles hakutakuuma kama hujamwona kwanza akipanda.